Liuli: Kijiji Kilichogeuza Mlango

Ukikaa Mbinga mjini unaweza kusahau kwamba kuna ziwa jirani. Baridi ya asubuhi ni ya mlimani. Wanaume wanaingia sokoni na makoti, akina mama wamejifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani, na maneno ya stendi ni kahawa imefika bei gani, mbolea ya ruzuku imekuja au bado, barabara ya kijiji fulani inapitika au haipitiki. Dalili pekee ya ziwa niliikuta mezani kwa mama ntilie: dagaa wembamba waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, pembeni maharage na ugali mweupe wa mahindi.

“Hawa ni wa Nyasa, kaka,” aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja daraja la bidhaa. “Wa chanja hawa. Si wale wa mchanga.”

Safari yangu ilikuwa ya kuwafuata dagaa hao kwao. Kwao ni mwambao wa Ziwa Nyasa ndani ya Mkoa wa Ruvuma, ukanda mwembamba unaoanzia mdomo wa mto Ruhuhu, mpakani na Ludewa, na kuishia Chiwindi, mpakani na Msumbiji. Zamani ukanda wote huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 ulimegwa ukawa Wilaya ya Nyasa, makao makuu yake Mbamba Bay. Mimi nilikuwa na hamu hasa ya Liuli, kijiji kilichoko kaskazini mwa Mbamba Bay, chenye ghuba, jiwe kubwa, kanisa na hospitali. Kwenye ramani ni nukta tu. Lakini nukta hiyo imepata kuwa bandari ya Wajerumani, kituo cha wamisionari wa Kiingereza, na mahali palipolia mzinga siku za mwanzo kabisa za Vita Kuu ya Kwanza. Mambo mazito kiasi hicho hayaangukii mahali padogo kwa bahati. Lazima umbo la nchi lenyewe liwe na sababu, na sababu hiyo ndiyo niliyotaka kuiona kwa macho.

Ili uielewe Liuli, anza na mlima ulio nyuma yake. Kabla ya kushuka nilichukua bodaboda kuelekea Litembo, ndani ya milima ya Umatengo, ambako vilele vingine vinakaribia mita 2,000. Huko hakuna tambarare ya kutosha uwanja wa mpira. Mashamba yamelala kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa kuipanda bila kushika kitu, na kila shamba limechorwa vishimo vya mraba, safu kwa safu, kutoka bondeni hadi mgongoni mwa mlima. Ndizo ngoro.

Ngoro hutengenezwa mvua zinapoelekea ukingoni, kuanzia Machi. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatizana, yakatoka maumbo ya miraba. Yakishakauka, wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Kinachobaki ni shimo katikati na matuta pande zote nne, na ndani ya matuta majani yanaoza taratibu kuwa mbolea. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta. Mvua mpya ikianza mwishoni mwa mwaka, mahindi huingia palepale. Maji ya mvua yakishuka kwa kasi hunaswa na shimo moja, yakizidi hunaswa na la chini yake, na udongo hauondoki. Dada mmoja niliyemkuta akipalilia alikuwa akitupa magugu shimoni bila hata kuyatazama. “Hapo ndipo jikoni kwa mwakani,” alisema, akaendelea na kazi.

Kilimo hiki kilizaliwa na dhiki. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliofika kutoka kusini waliweka makao yao Songea, na Wamatengo wakabanwa milimani, watu wengi kwenye ardhi ndogo, nayo yote imeinama. Waliobanwa walilazimika kuifanya ardhi ileile izae kila mwaka bila kuihama. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Japani walikuja kujifunza ngoro, na hawakuwa na mengi ya kuwafundisha wenyeji kuhusu kuzuia mmomonyoko. Litembo palepale, mwaka 1902, Wamatengo walipigana na jeshi la Wajerumani na kushindwa. Baadaye, miaka ya 1920, ikaja kahawa ya arabika, na ndiyo iliyojenga nyumba za matofali ya kuchoma na kusomesha watoto. Mlima ukawa na fedha yake, chakula chake na baridi yake, na mtu wa Umatengo hakuwa na haja kubwa ya kutazama magharibi, kuliko na ziwa.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Leo ni lami tupu, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kukamilika mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Aliyeipita zamani hawezi kuizungumzia bila kutikisa kichwa. Wakati wa masika gari lilikuwa linakwama kwenye udongo mwekundu, abiria wanashuka, wanasukuma, wanalala njiani. Sasa ni kona tu, kona juu ya kona, na dereva anayepiga honi kabla ya kila moja.

Tulipoondoka stendi gari lilikuwa limejaa maharage, viazi na magunia ya mahindi. Mizigo ya mlima inashuka, ya ziwa itapanda jioni. Kadiri tulivyoshuka, masikio yaliziba na kuzibuka. Kahawa ilikoma, ngoro zikakoma, tukaingia msitu wa miombo. Konda alivua sweta akalifunga kiunoni. Muda si mrefu madirisha yote yalikuwa wazi, kwa sababu Mbinga iko kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na uso wa ziwa uko chini ya mita 480. Zaidi ya mita 800 za kushuka, na joto linapanda kwa kila kona.

Kisha, kwenye kona ambayo haikuwa na tofauti na nyingine, ziwa likatokea. Ukiwa juu kiasi kile huoni maji yaliyolala. Unaona ukuta wa buluu uliosimama wima, upeo wake umepanda hadi usawa wa macho, na kama hali ya hewa ni safi, mstari hafifu wa milima ya Malawi juu yake. Abiria waliozoea hawakugeuza hata shingo. Mwalimu mmoja kijana aliyekuwa anahamia shule ya huko chini alinishika mkono akauliza, “Sasa hii ndiyo bahari yenyewe?”

Hakuwa mbali na ukweli. Ziwa Nyasa lina urefu wa takribani kilomita 570, upana unaofikia 75 hivi, na kina cha takribani mita 700. Kwa ukubwa ni la tatu Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Mskoti David Livingstone alifika upande wake wa kusini mwezi Septemba 1859, naye alitoka nchi yenye sifa ya maziwa marefu membamba yaliyobanwa na milima. Lakini maziwa ya Scotland yalichimbwa na barafu iliyoburuzika juu ya ardhi. Loch Ness, lililo maarufu kuliko yote, lina urefu wa kilomita 37 na kina cha mita 230. Nyasa halikuchimbwa na kitu. Nchi yenyewe ilipasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, upande mmoja ukabaki juu, mwingine ukashuka. Ile barabara ya kona tuliyoshuka nayo ilikuwa inateremka ukingo wa ufa huo.

Ndiyo maana mwambao huu ni mwembamba. Kaskazini, upande wa Ludewa, Milima ya Livingstone inatumbukia majini karibu wima, na kuna vijiji ambavyo njia yao ya maana ni mtumbwi. Huku Ruvuma mlima umerudi nyuma kidogo, ukaacha tambarare za hapa na pale zinazotosha muhogo, miembe na, kusini kuelekea Chiwanda, mpunga. Kila mahali ambapo mlima umerudi nyuma, pana kijiji. Ambapo haukurudi, hapana mtu.

Mbamba Bay ni ghuba pana yenye mchanga mweupe, vilima vya mawe kila upande, mibuyu, na joto linalomfanya mgeni wa Mbinga ajute kuvaa soksi. Ni mji sasa, wenye ofisi za wilaya, nyumba za wageni na mafundi simu. Nilinunua maji, nikapatana na kijana wa bodaboda, tukaanza kupanda kaskazini. Lami iliishia hapo. Njia ya Liuli ni vumbi la rangi ya ugoro, madaraja membamba, mashamba ya muhogo, na ziwa linalojitokeza na kujificha mkono wa kushoto.

Unapoikaribia Liuli kwa barabara unaikuta kwa nyuma. Unapita vyoo, mabanda ya kuku, migongo ya jikoni, shule ikiwa imekupa kisogo. Nilishangaa kwanza, halafu nikaelewa. Nyumba za zamani zinatazama maji. Kanisa liko upande wa ziwa, na njia pana kuliko zote ni ile inayotoka ufukweni kupanda, si hii niliyokuja nayo. Kwa zaidi ya karne moja kila kitu cha maana kilifika Liuli kwa chombo: askofu, dawa, sukari, barua, bibi harusi, habari za vita. Ziwa lilikuwa mlango wa mbele. Mlima ulikuwa uani.

Simama sasa ufukweni uitazame ghuba, sababu ya kijiji kuwa pale inajieleza yenyewe. Mwambao wa Nyasa una maadui wengi lakini mkubwa ni mwera, upepo wa kusini mashariki unaovuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti, ukaja na mawimbi marefu kutoka mbali kwa sababu hakuna kitu cha kuyakata njiani. Kwenye mchanga ulio wazi chombo hakina pa kujificha. Liuli ina ghuba iliyokingwa, na karibu na mdomo wake jiwe kubwa linaloinuka kutoka majini: Pomonda. Kwa upande fulani jiwe hilo linafanana na mnyama mkubwa aliyelala ameinua kichwa. Wajerumani walilifananisha na Sphinx ya Misri, wakapaita Sphinxhafen, bandari ya Sphinx. Wenyeji wana kumbukumbu nyingine juu yake. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana ukoo, aliniambia kwamba Pomonda ina pango, na kwamba miaka ya vita wazee wao waliwaficha humo wanawake na watoto. Alizungumza akinyoosha kidole pangoni, nami sikuona kitu ila kivuli, nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake.

Wajerumani walikuwa na meli moja ya moshi ziwani, Hermann von Wissmann. Waingereza wa Nyasaland, Malawi ya leo, walikuwa na Gwendolen, yenye mzinga mdogo. Manahodha wawili, Berndt wa Ujerumani na Rhoades wa Uingereza, walikuwa marafiki waliozoea kukutana bandarini na kunywa pamoja. Agosti 1914 vita ilitangazwa Ulaya. Rhoades alipata habari, Berndt hakupata. Katikati ya mwezi ule Gwendolen iliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu hapa Liuli kwa matengenezo. Makombora ya kwanza yalikosa, hatimaye moja likapata. Berndt akatoka kwa mtumbwi, amekasirika, akidhani rafiki yake amelewa. Akaelezwa kwamba nchi zao zinapigana, akachukuliwa mateka. Magazeti ya London yaliandika kuhusu ushindi wa majini wakati ambapo hawakuwa na mwingine wa kuandika. Waingereza walirudi Mei 1915 kuiharibu meli zaidi. Kwa watu wa Liuli haikuwa kichekesho: miaka iliyofuata vita ile iliwachukua vijana wa nchi hii kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi.

Ghuba iliyowafaa wanajeshi iliwafaa pia wamisionari. Waanglikana wa UMCA, shirika la misheni la Kiingereza, walifanya kisiwa cha Likoma, kilicho karibu na upande wa Msumbiji, kuwa makao yao, wakahudumia mwambao wote kwa meli. Chauncy Maples, meli iliyokuwa shule, kanisa na zahanati kwa wakati mmoja, ilijengwa Glasgow huko Scotland mwaka 1899, ikaletwa vipande vipande hadi ziwani na kuzinduliwa mwaka 1901. Jina ni la askofu aliyezama ziwani humu mwaka 1895 katika dhoruba. Aliyebaki zaidi katika kumbukumbu ya Liuli ni William Percival Johnson, aliyeutembea mwambao huu tangu miaka ya 1880, akitafsiri Biblia kwa Kinyanja ilhali macho yake yamekaribia kufa kabisa. Alifariki Liuli mwaka 1928, akazikwa hapo. Kaburi lake bado hutembelewa. Hospitali ya Mtakatifu Anne nayo bado inafanya kazi, na asubuhi niliwaona wagonjwa wakiteremshwa, wengine kwa bodaboda, wengine kwa boti.

Asubuhi ya Liuli inaanza kivulini. Jua linachomoza nyuma ya mlima, kwa hiyo kunakucha kabla ya jua kuonekana, na kwa muda mrefu upande wa Malawi unawaka mwanga wakati kijiji bado kina ubaridi. Ndio muda wa dagaa.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa na wavuvi walipokuwa wanaandaa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Usipa, kama wanavyomwita dagaa wa Nyasa, huishi maji ya katikati na hufuata mwanga, kwa sababu mwanga hukusanya vijidudu anavyokula. Ndiyo maana kazi hii hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu, nyavu hubaki nchi kavu, na wanaume hushona nyavu au hucheza bao. Jua likizama, upepo wa nchi kavu huanza kushuka kutoka mlimani ukasukuma vyombo kuelekea kina. Alfajiri kunatulia na vyombo vinarudi. Usiku ule hapakuwa na mwezi. Nilihesabu taa hadi nikachoka, mstari mrefu juu ya maji.

Walipoingia, akina mama walikuwa wameshafika na ndoo. Ni wao wenye soko. Mvuvi anaamua wakati wa kwenda, mama anaamua bei. Ndoo zilipimwa, zikabishaniwa, zikabebwa juu, na papo hapo yule mama ntilie wa Mbinga na dagaa wake “wa mchanga” wakanirudia akilini. Dagaa wanaomwagwa mchangani hukauka haraka na kwa gharama ndogo, lakini hubeba mchanga hadi mezani, na mvua ikinyesha ghafla wote wamekwenda. Wanaoanikwa kwenye chanja, yaani meza za miti na nyavu, hukauka pande zote mbili na huuzwa kwa bei ya heshima. Mama mmoja alikuwa akiwatandaza wa kwake kwa viganja viwili, akitoa jani hapa, kasamaki kageni pale, haraka kiasi kwamba jicho halikumfuata. Nilimuuliza anajuaje kama wamekauka. Alichukua mmoja akamvunja karibu na sikio langu. Akilia, amekauka.

Kungetosha kusema kwamba ziwa lina samaki, lakini namna linavyowapata inashangaza. Sehemu kubwa ya maji ya Nyasa ni maiti. Kuanzia kina cha mita 250 hivi kwenda chini hakuna hewa ya oksijeni, na rutuba yote inayozama hubaki huko. Mwera ndio unaoyakoroga maji ya juu na kupandisha kiasi fulani cha rutuba hiyo. Upepo ule ule unaoua wavuvi ndio unaowalisha. Mbasa, samaki mkubwa wa fedha anayependwa Songea nzima, yeye hupanda mito wakati wa mvua kutaga mayai, hasa Ruhuhu, ndiyo maana anavuliwa kirahisi mno mdomoni mwa mto na ndiyo maana anapungua.

Halafu kuna mbuna, samaki wadogo wa mawe. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wa jamii hiyo ambao hawapatikani kwingine duniani. Sababu ni umbo lilelile la mwambao: mawe, halafu mchanga, halafu mawe tena. Mbuna hathubutu kuvuka mchanga ulio wazi, kwa hiyo kila rundo la mawe limezaa rangi yake. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni. Wanaofuga samaki kwenye matangi ya kioo huko Ujerumani na Marekani wanawaita kwa majina ya mahali wanapotoka, na miongoni mwa majina hayo ni Mbamba Bay, Lundo na Hongi, kisiwa kidogo cha mwambao huu. Nilipomwonyesha kijana mmoja mvuvi picha ya samaki wa Hongi ndani ya sebule ya Ulaya, alitazama kwa makini. “Anakula nini huko?” Nilipomwambia anawekewa chakula maalumu, alicheka hadi akakaa chini.

Mama anayeosha sufuria ufukweni Liuli anaweza kuwa amesimama nchi mbili. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 uliuweka mpaka kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa, na kwa hoja hiyo Malawi inasema maji yote ni yake hadi mchangani. Tanzania inasema mpaka uko katikati, kama mataifa yanavyogawana maziwa, na kama ilivyo upande wa Msumbiji tangu Uingereza na Ureno zilipokubaliana mwaka 1954. Ubishi ulipamba moto miaka ya 1960 wakati wa Kamuzu Banda, kiongozi wa Malawi, ukalala, ukaamka tena mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, na jopo la marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano likaombwa kusuluhisha. Ufukweni ubishi huo hausikiki. Kina mama wana shangazi zao Nkhata Bay, ngoma ya mganda inachezwa ng'ambo zote mbili, na wazee wanaitana bambo huku na huko. Ziwa liliwaunganisha watu kabla halijawagawa.

Linalobadilisha maisha hapa ni lami, ingawa inaishia Mbamba Bay, na lami imekuja kutoka uani. Kila asubuhi wanunuzi wa Songea na Mbinga wanapiga simu kabla ndoo hazijapimwa. Dagaa waliokuwa wakisubiri meli sasa wanapanda mlima siku hiyohiyo. Mahindi na maharage ya ngoro yanashuka, na watoto wa mwambao waliokulia ugali wa muhogo wanakula ule mweupe. Nyumba mpya za Liuli, nilizihesabu chache ila za kutosha kuona mwelekeo, zinatazama barabara. Duka lililokuwa na mlango ufukweni limetoboa mwingine nyuma, na huo wa nyuma ndio unaofunguliwa mapema. Faida iko wazi: mjamzito anafika hospitali, mwanafunzi anafika chuoni. Hasara yake iko kimya zaidi. Mnunuzi akishakuwa mlimani, bei inapangwa mlimani, na yule mama wa chanja anaambiwa, haambii.

Serikali haijalisahau ziwa. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma na ile ya abiria, MV Mbeya II, zimejengwa Kyela miaka ya karibuni, na Mamlaka ya Bandari inajenga bandari mpya Mbamba Bay kwa matumaini ya mizigo ya Malawi na makaa ya mawe ya Ruvuma. Ikikamilika, mlango wa mbele utafunguliwa tena. Lakini bandari ya mizigo ni jambo moja na gati la kijiji ni jingine. Liuli ina kinga ya upepo ambayo hakuna mhandisi aliyeilipia. Inachohitaji ni chanja za kutosha, barafu, na chombo kinachopita kwa ratiba inayoaminika, ili muuzaji awe na pa kuuzia pande mbili. Mwenye milango miwili hapangiwi bei na mmoja.

Kwa anayetaka kwenda: shuka kwa lami, uondoke kwa meli. Epuka Juni na Julai kama tumbo lako halivumilii mawimbi, uliza wenyeji kuhusu mamba kabla ya kuoga, usikae muda mrefu kwenye maji yaliyotuama yenye majani, maana kichocho kipo. Nunua dagaa wa chanja na umsikilize mama akimvunja mmoja sikioni mwako. Ukiwa sitahani, chombo kikishatoka nje ya ghuba, geuka utazame: Pomonda mbele, kanisa nyuma yake, miembe, paa za bati, halafu mlima unaopanda hadi kwenye ngoro ambazo huzioni. Vyote vimepangwa kwa ajili ya mtu anayekuja kutoka majini. Kwa barabara utapita Liuli miaka kumi na usiujue mpangilio huo.